Kwaya Katika Majani Yaliyopitiliza

Kitu cha kwanza nilichofundishwa katika kozi ya video ni kubeba. Miguu mitatu ya kamera, spika, betri ya spika, mwavuli mkubwa wa kukinga kamera mvua, na ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni mwa mtu. Nilibeba vizuri. Kuchuna majani chai kumenipa mgongo, na sina uhakika kama kulinipa kitu kingine. Wenzangu darasani walikuwa wadogo kwangu, wengi wamemaliza kidato cha nne, mimi niliishia cha pili. Walipokuwa wakibishana kuhusu mwanga na rangi, mimi nilikuwa natafuta mahali pakavu pa kuweka mzigo.

Darasa lenyewe lilikuwa Kericho mjini, juu ya duka la dawa za mifugo. Mpaka leo nikikaa mbele ya kompyuta, pua yangu hungoja harufu ya dawa ya kupe.

Nafasi ile haikuwa yangu. Kanisa letu lilipata nafasi moja ya kumsomesha kijana wa kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya chai, vijana wawili wakaikataa kwa sababu zao, na mchungaji akaniuliza mimi kwa vile nilikuwa nimekaa bila kazi tangu mashine za kuchuna zifike upande wetu. Sikukubali kwa furaha. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa siku hizi nafanya nini.

Kuhusu mashine sitaki kusema zaidi ya ninachojua. Inafanya kazi ya watu wengi kwa muda mfupi, hilo nimeliona. Lakini wanaoiendesha ni watu wa kambi kama sisi, wana watoto kama sisi, na hawakuileta wao. Mmoja wao ni mwalimu wa kwaya yetu. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitamtaja sana, na sitaki mtu asome akidhani ni mtu mbaya.

Mwishoni mwa kozi, mkufunzi alitaka kila mmoja wetu alete video moja ya wimbo, iliyokamilika, na iwe ya watu wa kweli walioitaka wenyewe. Wenzangu walikwenda kwa vijana wa kurap. Mimi sikuwa na wa kumwendea isipokuwa kwaya. Kwaya yetu ilikuwa na wimbo uliorekodiwa studio kitambo, wakati watu bado wako wote kambini. Baadaye walianza kuondoka mmoja mmoja, wengine kurudi kwao upande wa Kisii, wengine kwenda kukodi shamba, na video ikabaki kuwa kitu cha kusemwa baada ya ibada: tutafanya, tutafanya.

Aliyeimbisha wimbo ule ni mama mmoja jirani yetu, mlango wa pili. Kwetu kambini nyumba ni ya kazi, kazi ikiisha nyumba inarudi kwa wenyewe, na yeye alikuwa ameambiwa kazi yake imeisha. Mwisho wa mwezi angefunga vitu vyake na kwenda. Aliposikia kwamba mimi ndiye nitakayeshika kamera, aliniita mlangoni kwake. Alikuwa akichambua mboga, na hakuacha kuchambua.

"Wewe binti ndiyo utashika hiyo kitu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sikia. Nyumbani nilitoka nikiwa msichana. Kule wananijua tu kama ile mtu ya majani, anakuja Krismasi, analala, anarudi. Sasa naenda kukaa na wao. Nataka waone ni mimi naimba. Si lazima nikae mbele sana. Waone tu hii mdomo ikitoa hii sauti."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Nilisema hivyo, jambo dogo, kama mtu anayejua kazi.

Ofisi ya shamba la kampuni haikutukataza kupiga picha katika majani yao. Walisema tuandike barua, tungoje jibu. Hiyo ni haki yao. Lakini mwisho wa mwezi haungoji barua, basi tukaenda kwa mzee mmoja wa huko Boito, mwenye shamba lake mwenyewe la chai, tuliyemjua kwa mikutano ya kanisa. Tulimkuta akikamua. Akatusalimia kwa Kipsigis, "Chamgei," tukaitikia "Chamgei mising," na hapo lugha yetu ikaishia, tukaendelea na Kiswahili. Alikubali kabla hatujamaliza kuomba. Akasema shamba si kanisa, halina mlango, tuje tu.

Hapo ndipo mimi nikaomba la pili. Mkufunzi alikuwa ametufundisha kwamba kitu chororo hushika mwanga vizuri kuliko kitu kigumu, na mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi chai inavyokaa ikiwa na machipukizi mengi juu, kama imepakwa mafuta. Nikamwomba mzee asichune kipande cha juu cha shamba mpaka tupige video.

Alimtazama mke wake. Mke wake akatazama ng'ombe. Mzee akasema sawa.

Mtu wa mjini angeomba hivyo bila kujua anaomba nini. Mimi nilijua. Chai haingoji. Ikipita siku zake, chipukizi linanyooka, jani linakuwa gumu, na ukilipeleka kituo cha kupimia wanakurudishia mbele ya watu. Nilijihesabia kwamba tutakuja haraka. Halafu mvua ikanyesha siku tuliyopanga. Siku nyingine ilikuwa soko Chepseon, na msichana wetu mmoja wa sauti ya kwanza anauza mitumba huko, hangeweza kuacha. Halafu tukawa na matanga. Kila mara nilimpigia mzee simu kumwambia si leo. Kila mara alijibu, "Iko tu. Inangoja." Sauti yake haikubadilika, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Siku ilipopatikana, kwaya ilikuja na sare mpya, za kitambaa kinachong'aa, manjano, kola nyeupe. Walikuwa wamepunguka sana. Mkufunzi alikuja pia, kunipa alama, akakaa kwenye kiti cha plastiki alicholetewa na mke wa mzee. Nikafunga kamera kwenye miguu yake. Nikawapanga katika majani, warefu nyuma, mwimbishaji mbele katikati. Majani yalikuwa yamepitiliza mpaka yanawafika wengine kifuani. Kwenye kioo cha kamera yalipendeza ajabu. Nikajisemea labda sikukosea.

Nieleze kidogo jinsi kazi hii inavyofanywa. Waimbaji hawaimbi kwa kamera. Spika inapiga wimbo uliorekodiwa, wao wanafuatisha kwa midomo, na baadaye sauti ya siku ile inatupwa, inabaki ya studio. Kwa hiyo mdomo lazima ushikane na spika. Usiposhikana, mtazamaji anajua mara moja, hata kama hajui anajua nini.

Mdomo wa mama haukushikana.

Si kwamba alisahau maneno, maneno ni yake. Lakini kanisani yeye huvuta mstari wa kwanza mpaka mtu wa mwisho ameingia na kuketi. Akiona mtu analia, anarudia. Akiona wazee wamechoka kusimama, anakata. Siku ya studio fundi alimsimamisha mara nyingi mpaka akatoa wimbo mfupi ulionyooka, na nadhani alitoka hapo akausahau kabisa. Sasa spika ilikuwa inasema neno, na mdomo wake bado uko kwenye neno la nyuma. Mara nyingine alitangulia, akafika, akangoja.

"Mama, umeshindwa na wewe mwenyewe," dada mmoja wa safu ya nyuma akamwambia, na watu wakacheka.

"Huyo wa kwa spika ana haraka," mama akasema. "Anaenda wapi?"

Tulicheka wote, na yeye pia. Tukarudia. Nikamwambia asiimbe kabisa, afungue tu mdomo. Ikawa mbaya zaidi, akawa kama mtu anayetafuna. Nikamwambia aimbe kwa nguvu na spika iwe chini. Akaenda na mwendo wake, safu nzima ikamfuata yeye na kuiacha spika, wakawa wazuri sana na hawafai kwa lolote. Mkufunzi akanitazama. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nilitamani aseme.

Mwalimu wa kwaya alikuwa akitazama mawingu. Kwetu mvua haihitaji kutabiriwa, watu wakimaliza chakula cha mchana inakuja. Akanivuta kando, akaniambia kwa upole nimweke yule msichana wa mitumba aongoze kwa mdomo. Yule anajua, akasema, amekulia kwenye simu. Ni kweli. Nilikuwa nimemwona pembeni akifuatisha kila pumzi ya wimbo ule, hata pale mama anapovuta hewa kabla ya kiitikio.

Msichana aliposikia alirudi nyuma. "Mimi siwezi kuchukua sauti ya mama."

"Hauchukui," mwalimu akamwambia. "Unambebea tu."

Nikaenda kwa mama. Alikuwa akinyoosha kola yake. Sikujua nianzie wapi, nikasema, "Mama, wanasema..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi, ni mdomo tu ndiyo imekataa." Akanipangusa kitu begani, sijui kama kulikuwa na kitu. "Weka yeye. Watu wamechoka, na majani ya huyu mzee imengoja ya kutosha."

Nimefikiria sana jibu nililopaswa kutoa hapo. Labda ningesema tujaribu mstari mmoja mmoja. Siku hizi najua hilo linawezekana, unakata wimbo vipande, mtu anashika kimoja, unapumzika, anashika kingine. Siku ile sikulijua vizuri, au nililijua na sikulikumbuka. Nilisema tu, "Sawa, mama." Akaenda kusimama safu ya nyuma, pembeni, mahali pa watu wasio na sauti.

Msichana alifanya vizuri. Hilo lazima liandikwe. Hakujionyesha, hakuzidisha mikono. Alisimama mbele ya kamera na sauti ya mama ikatoka kinywani mwake kama imezaliwa hapo, na mimi niliyekuwa nikitazama kwenye kioo nikasisimka mwili, kisha nikaona aibu kusisimka.

Nilikuwa natazama uso wa msichana, ndiyo maana sikuona nyuma mapema. Tulipomaliza mzunguko wa kwanza nikarudisha kidogo kuangalia, nikaona mikono. Safu yote ya nyuma, midomo inaimba, macho yanatazama mbele kama nilivyowaambia, na mikono inachuna. Mama ndiye aliyeanza, nadhani, maana upande wake ulikuwa umeshuka kuliko wengine. Sidhani walijua. Mikono yetu haijui kukaa juu ya chai na kutulia, na chai yenyewe ilikuwa imepitiliza hivyo, inawapiga kifuani, inaita.

"Mama, mikono," nikasema.

Wakatazama mikono yao. Wengine walikuwa wameshika majani ngumi mbili. Wakacheka, wakaomba msamaha, wakatafuta pa kuyaweka. Kutupa majani chini hakuna aliyeweza. Wakayatia kwenye mikunjo ya sare, mwingine akafungua kitambaa cha kichwa.

Tukapiga tena, na tena mikono. Nikapaza sauti. Mwalimu wa kwaya akapaza sauti. Dada wa safu ya nyuma akasema nimfunge kamba. Kufikia mzunguko wa tatu, nyuma ya msichana chai ilikuwa imekuwa meza, imekatwa sawasawa kabisa, na mbele yake bado ni msitu. Mkufunzi akainuka kwenye kiti chake, akaniuliza kama naona. Nikasema naona. Akasema haya ni matatizo ya mwendelezo, kwamba huwezi kuwa na shamba lililojaa kwenye mstari mmoja na lililochunwa kwenye mstari unaofuata, mtazamaji atapotea. Alisema bila ukali. Akaongeza kwamba hajawahi kukutana na tatizo la namna hii katika kitabu chochote.

Mke wa mzee ndiye aliyemaliza mashauri. Alitoka nyumbani na vikapu. "Wacha wachune," akaniambia. "Hii ikingoja zaidi ni nyasi tu." Akaingia yeye mwenyewe katika mstari.

Betri ya spika nayo ilikuwa imelegea. Mkufunzi akaenda kutafuta nyingine garini, na mimi nikakaa chini kando ya kamera nikiwa nimechoka hata kuizima. Sikuizima. Baadaye wenzangu darasani walidhani ilikuwa akili. Haikuwa akili.

Wakachuna bila spika. Na kwa vile mdomo hauwezi kukaa tu mikono ikienda, mama akaanzisha. Alianzisha wimbo uleule, lakini kwa mwendo wake, mstari wa kwanza akauvuta mpaka mwisho wa safu, wakamwingilia mmoja mmoja walivyofika. Msichana wa mitumba akaacha pale mbele nilipokuwa nimemweka, akaingia nyuma ya mama, akafuata. Mwalimu wa kwaya alisimama kidogo akiwa ameshika saa yake. Halafu naye akaingia. Sikumbuki kumwona akichuna kwa mkono tangu apewe mashine. Alikuwa bado mwepesi. Alichuna karibu na mama, na sikuona wakitazamana wala kukwepana.

Mvua ikaja. Tukakimbia na kamera kwanza, halafu vikapu, halafu watu. Jikoni kwa mzee ndipo tukaona sare. Utomvu wa chai ukikauka juu ya nguo unageuka mweusi, na maji hayauondoi. Manjano yote yalikuwa na alama za vidole tumboni na mapajani. Hakuna aliyemlaumu mwingine. Tulikunywa chai, mzee akawaambia kwaya yao ya kuchuna imemfurahisha kuliko ile ya kuimba, na wakamwambia amekosa adabu. Majani laini yalikwenda kituoni. Yale magumu waliyamwaga chini ya miti ya chai yarudi udongoni.

Kuhariri ilikuwa kazi ya kukaa. Nilizoea kazi ya kusimama, na mgongo wangu ulioshinda kikapu ukashindwa na kiti. Nilikuwa na msichana mbele ya shamba lililojaa, na msichana yuleyule mbele ya shamba lililochunwa. Nilikata, nikaficha, nikasogeza picha karibu na uso wake ili majani yasionekane. Mdomo wake ulishikana na sauti. Kila mahali ulishikana. Na kila niliposikia ile sauti nilimwona mama akichambua mboga.

Nikafungua kile kipande ambacho sikukizima. Kamera ilikuwa imeinama kidogo, lakini yeye yumo, wazi kabisa, kichwa chini, mdomo wazi, anaimba. Nikajaribu kukilaza juu ya sauti ya studio. Haikukubali. Nikapunguza mwendo, nikaongeza mwendo, mpaka mikono yake ikawa ya kuchekesha. Nilishinda hapo mpaka mwenye duka la chini akaja kufunga mlango wa nje. Mstari mmoja tu, wa ubeti wa mwisho, ndio uliokubali. Pale mdomo wake na sauti yake vilikutana, vikaenda pamoja kama hatua chache, vikaachana. Nikauweka. Niliuona mdogo, lakini ulikuwa mdomo wake ukitoa sauti yake, na ndicho alichoomba.

Tuliitazama video kanisani baada ya ibada, kwenye televisheni ya mchungaji. Mama hakuwapo, alikuwa ameenda nyumbani kupeleka mzigo wa kwanza. Watu walifurahi. Ulipofika ule mstari, mwalimu wa kwaya akaomba nirudishe. Nikarudisha. Akaniomba niutoe.

Nilimuuliza kwa nini, na naandika alichosema kama alivyokisema. "Dada, kila mtu akituona anaona majani. Tangu tuzaliwe. Mara hii moja nataka watuone tukiimba tu, tukiwa safi. Hapo mama ameinama, sare iko na madoa, anafanya kazi. Hata yeye angekuwa hapa hangependa hivyo."

Msichana wa mitumba akasema uachwe. Alisema mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama. Wengine walikuwa nusu na nusu. Mkufunzi alikuwa ametufundisha kwamba mwenye kazi ndiye mwenye neno la mwisho, na mwenye kazi ni kwaya. Nilitaka kungoja mama arudi niulize. Mwalimu akasema sawa, tungoje. Lakini aliporudi alikuwa na pilikapilika za kufunga vitu, na nilipomuuliza akiwa ameinua godoro begani alisema, "Hiyo mambo malizeni nyinyi. Mimi nilishasema uweke msichana." Sikujua kama amekubali au amechoka. Mimi nikichoka nasema vilevile.

Nikautoa.

Nilipita. Mkufunzi aliandika kwamba nyuso ni nzuri na majani hayana mwendelezo, na yote mawili ni kweli. Sasa naitwa kwenye harusi na matanga huku Konoin, mara nyingine mpaka Kipkelion. Nabeba mwenyewe. Mara nyingi nikifika nyumbani sina hamu ya kutazama nilichopiga.

Mama alipiga simu jioni moja, akiwa na simu ya mke wa mpwa wake. Alisema video imefika kule, inapita kutoka simu hadi simu. Nikangoja aendelee. Akasema, "Lakini nikiwaambia ni mimi, wanasema huyu si wewe. Huyu ni msichana."

Nikamwambia pole. Nikamwambia ni makosa yangu.

"Ngoja nimalize. Nawaambia uso si yangu, sauti ndiyo yangu. Wanasema, haya, imba tuone. Basi naimba." Alikuwa na pumzi ndogo, kama mtu aliyetoka kupanda mlima. "Wa kwanza alikuwa mke wa shemeji. Kesho yake akaleta jirani. Sasa kila jioni kuna mtu amekuja na simu, ati wewe mama, tuhakikishie. Wanawasha hiyo video, mimi naanza."

"Inashikana?"

"Itashikana wapi. Inaniacha. Nikifika kwa ubeti ya pili yenyewe imemaliza. Wanazima simu, wananingoja."

Hapo nikamwambia kuhusu kile kipande. Kwamba ninacho, kwamba yumo anaimba mwenyewe, bila spika, uso wake unaonekana wazi, na hakuna mtu atakayekitazama aseme si yeye. Nikamwambia naweza kukituma sasa hivi kwa simu hii hii anayoongea nayo. Aliuliza kama ameshika kikapu. Nikasema hapana, vikapu havikumfikia, majani anayatia kwenye sare. Akacheka mpaka akakohoa.

Halafu kicheko kikaisha. Nikasikia watu nyuma yake, na mlango.

"Usitume," akasema. "Wakiona hiyo wataamini. Wakiamini hakuna mtu ataniambia niimbe."

Sijui kama alisema hivyo kwa sababu ndivyo anavyoona, au ili kunipunguzia. Anaweza kufanya hivyo, ndivyo alivyo. Nilitaka kumuuliza, lakini mtu alikuwa amemwita kwa lugha yao, akaitikia, akaniambia kuna wageni wamefika na simu si yake.

Kipande bado ninacho. Kamera imeinama, mvua inakaribia, na mwanzoni, kabla ya vikapu kuletwa, sauti yangu inasikika, imechoka, ikisema mama, mikono.